Bajeti Iliyokwama Uani kwa Zawena

Ukuta ulimwita Zawena kwa jina lake kamili, ndiyo maana akashtuka. Siku zote ulizoea kumwita Mama Hidaya.

“Zawena binti Kipande, mkazi wa Mkongeni,” ukuta ulisema, na sauti ilikuwa nzito kidogo, kama ya mtu aliyevalishwa koti asilolizoea. “Bunge la Shirikisho limefungana. Kura ya Mwananchi imekuangukia wewe. Una mpaka Ijumaa, jua likizama.”

Zawena alikuwa uani anachambua mchicha. Akautazama mchicha, akautazama ukuta.

“Mimi? Mimi na darasa la saba langu?”

Ng'ambo ya ua jirani yake Mwanahawa alishapiga kigelegele. Habari zile hutoka kwenye kuta zote za Shirikisho kwa mara moja, milimani mpaka ziwani, kwa hiyo hakuna wa kumficha.

“Shoga! Umeula!” Mwanahawa alichungulia juu ya ua, mdomo umejaa mswaki. “Serikali nzima iko kwenye sufuria yako ya mchicha!”

“Nyamaza, Mwanahawa. Hawa watu wamekosea.”

“Wapi! Inayochagua ni mashine. Mashine haina mjomba.”

Zawena alitaka kujibu, lakini mlango wa chumba cha mwanawe ukafunguka. Hidaya alitoka. Msichana wa miaka kumi na tatu, ambaye kwa kawaida hutoka chumbani kwa kuitwa, na kuitwa kwenyewe kwa sauti ya tatu. Akaja mpaka kwenye mkeka, akakaa, akavuta fungu la mchicha, akaanza kuchambua.

“Shikamoo, mama,” akasema.

Alikuwa ameshamwamkia asubuhi. Zawena akaitikia hivyo hivyo, “Marahaba, mwanangu,” na moyo wake ukafanya kitu ambacho hakikuhusu Bunge wala bajeti hata kidogo.

*

Mwenzangu mwenye mtoto, nakuambia haya ukiwa bado na nafasi ya kujizuia. Zawena alikuwa na mke mwenza, na mke mwenza huyo alikuwa ukuta.

Nyumba za Mkongeni zimejengwa kwa mbao za mkonge ulioshindiliwa, na ndani ya nyuzi za mkonge sauti inapita kama maji yanavyopita kwenye bomba. Mtoto akitimiza miaka saba, serikali inamwashia sauti yake kwenye ukuta wa chumba chake. Inamfundisha, inamsikiliza, inamwamsha, inajua kikohozi chake kabla hajakohoa. Ukuta ukiwa umewaka huwa na joto dogo, kama tumbo la paka. Jina la kiserikali ni Mlezi wa Taifa. Lakini wanawake wa Mkongeni walipoona kitu hicho kinaambiwa mambo na wasichana na hakimwambii mama mtu, wakakiita Somo. Maana ndivyo ilivyo mila: mwali ana somo wake, mambo yake anampelekea yeye, na mama haulizi.

Wengine walipumua. Mwanahawa alisema kabisa, “Afadhali. Mimi maswali ya watoto yananipa kipandauso.” Zawena hakupumua. Alikuwa mama wa kuhangaika, wa kugusa paji la uso la mtoto aliyelala, wa kumwita arudi akiwa bado hajafika getini. Kadiri alivyouliza ndivyo Hidaya alivyofunga mlango, na nyuma ya mlango alisikia mnong'ono na kicheko. Kicheko ndicho kilichomla. Wewe unampikia, unamfulia, unamuuguza, na kicheko anakipeleka ukutani.

Siku Hidaya alipovunja ungo aliuambia ukuta kwanza. Somo akafanya kama mila inavyotaka, bila kukosea. Alimwita Zawena kwa upole, akasema, “Mama Hidaya, nimekuja na habari njema, mwanao amekuwa mwenzako.” Maneno yale yale ambayo somo wa Zawena alimwambia mama yake Zawena. Angekosea hata neno moja, Zawena angeweza kumchukia kwa raha. Hakukosea. Zawena alipiga vigelegele vitatu vya desturi, kisha akaenda chooni akalia huku ameuma upindo wa kanga.

Hivyo alipotajwa jina na kuambiwa serikali iko mkononi mwake, hakufikiria barabara wala zahanati. Alifikiria ukuta ule ukiwa baridi.

*

Waheshimiwa walikuja Jumanne, wote wawili kwa gari moja, kwa sababu sheria inakataza mmoja kumfikia mpiga kura kabla ya mwingine. Ndani ya gari walikaa kila mtu dirisha lake.

Mheshimiwa Shekiondo wa upande wa Mlima alileta kiroba cha viazi na matunda damu. Mheshimiwa Kokushubila wa upande wa Ziwa alileta samaki wa kubanika na mfuko wa senene wa kukaanga. Walikaa kwenye mkeka mmoja. Kila mmoja alipiga jicho kwenye zawadi ya mwenzake, akaisukuma yake mbele kidogo.

Zawena akawapa chai, akawauliza kama wanavyoulizwa watoto waliopigana. “Kwani nyie mnagombania nini hasa?”

“Usawa, mama,” alisema Shekiondo.

“Hospitali,” alisema Kokushubila. “Bajeti ya mwaka huu ina hospitali ya rufaa. Itajengwa Ziwa. Wenzetu hawa wanaona bora isijengwe kabisa.”

“Sisi tulikubali ijengwe huko, mheshimiwa, usimdanganye mama wa watu. Tulichokataa ni bango. Mmeandika bango kubwa, Zawadi ya Watu wa Ziwa. Na mgonjwa kutoka Mlima alale chini ya bango hilo anatibiwa kwa hisani yenu?”

“Mwaka jana nyie mliandika nini kwenye daraja?”

“Daraja ni daraja.”

“Aha. Daraja ni daraja.”

Shirikisho lilizaliwa kwa Mapatano, baada ya miaka ya mapanga. Ili upande mmoja usije ukaukalia mwingine tena, viti vya Bunge viligawanywa nusu kwa nusu, hakuna kinachozidi. Mapanga yakaisha. Ila kila mwaka bajeti inapofika, nusu inasema ndiyo na nusu inasema hapana, na hakuna anayeteremka. Ndipo mashine inapochagua mtu mzima mmoja kutoka nchi nzima avunje sare. Mwaka uliopita ilimwangukia fundi baiskeli mmoja, akasema ndiyo kabla uji wake haujapoa. Mpiga kura akisema hapana, au akinyamaza mpaka muda ukapita, fungu la serikali linakatika na kila kitu kinachoishi kwa fungu hilo kinazimwa mahali kilipo.

“Mimi nina ombi moja,” Zawena alisema. Sauti aliishusha, ingawa Hidaya alikuwa ndani anaosha vikombe. “Nitasema ndiyo. Lakini hii ya ukutani kwangu muitoe. Kwangu tu. Wengine wabaki nazo.”

Waheshimiwa wakatazamana, na ilikuwa mara ya kwanza tangu waingie.

“Haiwezekani, mama,” alisema Kokushubila. “Bajeti inapita nzima, kama mtoto anavyozaliwa. Hazaliwi mkono kwanza mguu ukasubiriwa. Nikigusa kifungu kimoja, huyu atagusa cha pili, na tutakuwa hapa mpaka viazi vyake vichipue.”

Shekiondo alicheka kidogo, kisha akainama karibu. “Basi sema hapana. Mama, nitakuambia ukweli wa moyo wangu. Bora tukose wote kuliko mwenzio apate wewe ukiangalia.”

Waliosoma wangemcheka. Zawena hakumcheka. Neno lile alikuwa analo mwenyewe kifuani, ila hakuwahi kulisikia likitamkwa na mtu mwenye tai.

Hidaya alitokea mlangoni, mikono ina povu. “Samahani, waheshimiwa. Serikali ikifungwa, Somo atalala tu, au?”

Kokushubila alimtazama muda, kama mtu anayetafuta pa kushika sufuria ya moto. “Kumbukumbu zinachomwa, mwanangu. Kitu ambacho serikali haikilipii hakiruhusiwi kukaa na siri za watoto wa watu. Mara ya kwanza serikali ilipofungwa walinzi waliondoka, siri za watoto zikauzwa sokoni kama dagaa. Ndipo ikatungwa sheria. Bunge likipatana atawashwa tena. Ila hatakujua. Atakuuliza jina.”

Hidaya alirudi ndani. Zawena akakusanya vikombe ambavyo bado vilikuwa na chai, ili wageni wasimwone uso.

*

Basi ikawa wiki ya sikukuu katika nyumba ile.

Hidaya alimwandalia mama yake maji ya kuoga. Alimchemshia chai ya tangawizi. Alikaa naye uani, akamhadithia mambo ya shule: mwalimu anayesinzia amesimama, msichana aliyeficha kinyonga kwenye mkoba, wimbo ambao wote wanauimba vibaya. Alimwegemea begani. Kwa miaka Zawena alikuwa ameyaomba hayo kwa kelele na kwa machozi, na sasa yalikuja yenyewe, moto moto.

Hakuwa mjinga. Alijua mtoto anamlea yeye kama anavyolelewa mpiga kura. Lakini mwenye njaa haulizi wali umepikwa kwa nia gani.

Hidaya alipokuwa shule, Zawena aliingia chumbani kwake na mwiko mkononi, akasimama mbele ya ukuta.

“Wewe ndiye unayemtuma aje kunibembeleza?”

“Mama Hidaya,” Somo alisema, “mpaka Ijumaa siruhusiwi kukuambia neno lolote linaloweza kuisukuma kura yako.”

“Hata ni saa ngapi?”

“Hata saa.”

“Hata kama mwanangu ananipenda au hanipendi?”

“Hasa hilo,” ukasema.

Sheria ilikuwa na maana yake. Waliogopa mashine zisijiombee fungu lao wenyewe. Lakini ona ilivyokuwa: kinywa kimoja tu katika nchi ndicho kilichojua ndani ya moyo wa Hidaya kuna nini, na kinywa hicho kilifungwa siku zile zile ambazo mama yake alihitaji kujua. Zawena aliona ni majivuno. Alilikosa jibu, akajipikia mwenyewe, na la mwenye wivu halichukui muda jikoni.

“Jeuri,” aliuambia ukuta. “Kaa na siri zako. Tutaona Ijumaa.”

Jioni mumewe Mbwana alipiga simu. Alikuwa dereva wa treni ya mizigo, na nyuma yake ulisikika upepo wa njia.

“Mke wangu, husemi ndiyo kwa nini? Watu huku wananiuliza mimi.”

“Nafikiria.”

“Zawena, treni ikizimwa inazimwa hapo hapo ilipo. Usije ukanilaza porini na mabehewa ya mapapai.”

“Hutalala porini. Nimekuambia nafikiria.”

Na kweli alifikiria. Mlawa, karani wa kata, alimkuta barabarani Jumatano na Alhamisi, akamwonyesha mlango wa ofisi yake ulio ng'ambo tu ya barabara. “Mama, ni kuweka kiganja kwenye kibao na kusema neno moja. Chungu cha maharage kinachukua muda kuliko hapo.” Alicheka naye, akapita. Watu waliokuwa hawamwamkii sasa walimwamkia kwa mikono miwili. Alianza kuwaelewa wale waheshimiwa. Kumbe mtu ambaye bado hajaamua hupendwa na kila mtu.

Alilipindua jambo upande huu na upande huu. Akisema ndiyo, Jumamosi asubuhi Hidaya atarudi chumbani na mlango utafungwa, na kicheko kitakuwa cha ukuta. Akisema hapana, ukuta utakufa na Hidaya hatamsamehe. Katikati ndipo palipokuwa patamu. Kabla ya kusema neno alikuwa na binti, na baada ya neno, lolote liwalo, hakuona kama atakuwa naye.

Hata hivyo Alhamisi alikata shauri. Alifikiria wagonjwa, akafikiria Mbwana, akafikiria watoto wa watu ambao hawakumkosea chochote. Akamwita Hidaya.

“Kesho nitasema ndiyo.”

Hidaya hakuruka. Alimshika mama yake mkono, akaubana sana, halafu akaubana tena. “Kesho nikusuke, mama. Uende umependeza, watakupiga picha.”

*

Ijumaa, kwa sheria, hakuna mtu asiye wa nyumba yake anayeruhusiwa kumsogelea mpiga kura wala kumwita. Wanawake wa Mkongeni walijipanga ng'ambo ya barabara, mbele ya nyumba, wamefunga midomo kwa kanga. Mwanahawa alikuwa miongoni mwao. Karani Mlawa alisimama mlangoni mwa ofisi, kibao kimeshafutwa kikang'aa.

Zawena na Hidaya walikuwa nyuma, uani, ambako hakuna aliyewaona. Baada ya sala ya alasiri Hidaya alikaa kwenye kigoda, Zawena akakaa kwenye mkeka katikati ya magoti ya mwanawe, uso umeelekea magharibi.

“Nikusuke ile ya twende kilioni, mama? Ni ya haraka.”

“Twende kilioni naenda kuzika? Nisuke nyembamba. Zile ndogondogo.”

“Zinachelewesha.”

“Ofisi iko hapo hapo. Jua lote hili.”

Vidole vya Hidaya vikaanza. Kitana, mafuta ya nazi, njia ya kwanza, njia ya pili. Zawena alifumba macho. Hakuwahi kusukwa na mwanawe. Alikumbuka yeye ndiye aliyekuwa akimsuka, na mtoto analia kwamba anavutwa.

“Nivute kidogo,” akasema. “Hivyo. Nikuhadithie harusi yangu na baba yako?”

“Mlienda kwa gari jeupe. Ulishanionyesha picha.”

“Gari lile tulipigia picha tu. Lilikuwa bovu.”

Vidole vikasimama. “Kisha?”

“Kisha baba yako, kwa kuwa ni mtu wa reli, akasema atakuja kwa kiberenge. Wakakipamba maua. Wakampandisha yeye na mjomba wake na mpiga zumari. Sisi tuko stesheni tumejipanga, mimi nimeinamisha kichwa kama nilivyofundishwa. Nikasikia zumari linakuja. Linakuja. Nikainua jicho moja. Namwona bwana harusi wangu huyoo, kanzu inapepea, anapunga mkono. Nikasema, mbona anapunga badala ya kusimama?”

“Mama!”

“Hakina breki! Bwana harusi akapita. Zumari likapita. Mjomba analia, ‘Tunarudiii!’ Wakapotelea kwenye mkonge.”

Hidaya alicheka. Hiki hakikuwa cha kumbembeleza mtu. Kilimtoka tumboni, mpaka kitana kikaanguka, mpaka akalaza paji la uso kwenye shingo ya mama yake na machozi yakamlowanisha mama. Ndicho kicheko kile. Ndicho chenyewe, cha nyuma ya mlango. Zawena alikihisi mgongoni mwake kama mtu anayerudishiwa kitu alichoibiwa.

“Kisha?” Hidaya alisema, bado anakohoa kwa kucheka, macho yameinama kwenye njia ya nywele. “Kisha ikawaje?”

Zawena aliona kivuli cha kamba ya nguo kikirefuka kuelekea mkekani. Aliona nguo nyeupe zimeanza kuwa na rangi ya machungwa. Aliliona jua lenyewe, limekaa juu ya mashamba kama ndoo kwenye ukingo wa kisima. Kichwa chake kilikuwa nusu kimesukwa na nusu kimesimama, na mwanamke wa Mkongeni hatoki mbele za watu na kichwa nusu. Hilo lilikuwa kweli. Lakini kanga ilikuwepo, ya kujifunika, imelala hapo hapo mkekani. Hilo nalo lilikuwa kweli. Ng'ambo ya barabara wanawake walikuwa wamenyamaza kwa sheria. Chumbani Somo, aliyezoea kutaja saa, alikuwa amenyamaza kwa sheria. Aliyeliona jua na kuwa huru kusema ni Zawena peke yake.

“Kisha?” alisema tena mtoto.

“Kisha,” Zawena alisema, “wakafika stesheni ya pili, na huko kulikuwa na harusi nyingine.”

Akaendelea. Alieleza jinsi Mbwana alivyopokelewa kwa vigelegele na watu wasiomjua. Alieleza bibi harusi wa watu alivyozimia. Mengine aliyaongeza. Vidole vilikwenda, kicheko kilikuja na kurudi, na jua likazama.

Kwanza pampu ya maji ikanyamaza. Kisha mvumo ule ambao mtu hausikii mpaka ukatike, ukakatika, na mbele ya nyumba wanawake wote walisema “Aah” kwa pamoja, neno la kwanza walilosema siku nzima.

Vidole vikasimama.

“Mama,” alisema Hidaya polepole. “Jua.”

Zawena hakugeuka. Alisikia kigoda kikianguka, miguu ikikimbia ndani. “Somo? Somo yangu? Niitikie.” Alisikia kiganja kikipapasa ukuta juu, chini, kikitafuta joto.

*

Treni ya Mbwana ilizimika porini, na mapapai yakaozea kwenye mabehewa. Zahanati ilifungwa na nesi akaketi nje kwenye ngazi, anawaambia wenye wagonjwa asichoweza kufanya. Watoto wa Mkongeni walizunguka wakigusa kuta kwa migongo ya mikono, kama mtu anayepima homa.

Bungeni, waheshimiwa walikubaliana jambo kwa mara ya kwanza tangu Mapatano. Mlima na Ziwa kwa kauli moja walisema kosa ni la mwanamke wa Mkongeni. Wakapeana mikono, wakaenda mapumziko.

Mwanahawa alikuja mpaka kwenye ua, hakuchungulia. Alisemea upande wa pili.

“Shoga, ungesema hapana ningekuelewa. Ningekutukana, lakini ningekuelewa. Kukaa kimya je? Ulikuwa unafanya nini humo ndani?”

“Nilikuwa nasukwa.”

Mwanahawa aliondoka zake. Alikuwa mtu wa kujibu kila kitu, hata jogoo.

Zawena alitembea na kichwa nusu chini ya kanga. Alijaribu kukimalizia mwenyewe, mikono haikufika kisogoni. Angeweza kumwomba mwingine, lakini kwao kichwa kilichoanzwa na mkono mmoja hakimaliziwi na mwingine. Ni kumwambia aliyeanza kwamba humtaki tena. Basi akangoja. Hidaya alipika, alifagia, aliitikia alipoitwa. Mlango wa chumba sasa aliuacha wazi, na hakukuwa na mnong'ono. Zawena alipata alichokuwa akikililia: hakuna mtu katika nyumba ile aliyeambiwa chochote.

Asubuhi moja Hidaya alitoka na kitana na kigoda. Akakiweka kigoda pale pale uani.

“Kaa, mama.”

Zawena alikaa haraka, karibu aukose mkeka. Alihisi magoti ya mwanawe pande zote mbili, akahisi vidole vikiingia nyweleni, na akafumba macho kwa shukrani. Vidole vilianza sikioni, mahali ambapo palikuwa pameshasukwa.

“Hapo si umeshapamaliza?”

“Nafumua.”

“Unafumua kwa nini, mwanangu?”

“Za huku nilizisuka kwa ajili ya Somo,” Hidaya alisema. Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo lilimtisha Zawena kuliko hasira. “Ili useme ndiyo. Za huku, za mwisho, nilizisuka kwa ajili yako. Nilikuwa nimesahau kabisa. Nilisahau, mama. Nilikuwa nacheka na wewe wakati anachomwa. Na wewe ulikuwa unaliona jua.”

Zawena alitafuta neno la kujitetea, akatafuta la kuomba radhi, yote mawili yalikuwa madogo.

“Utanisuka tena ukimaliza?” aliuliza mwisho.

“Sijui.”

Nywele zilifunguka moja baada ya moja, zikasimama zimejikunja. Hidaya alifumua za Somo kwanza, akahamia upande wa pili. Zilibaki chache. Zawena alikaza shingo, akapumua kwa kuiba, asitikise kichwa hata kidogo, maana hata kufumuliwa ni kuguswa.